Baluni ya Neema

Leo baluni moja imenilaza chini mbele ya wageni wote.

Tulikuwa tunamufanyia binti yangu Neema aniverseri, siku yake ya kuzaliwa, ya miaka sita.
Gato, keki yake, iko mezani, mishumaa inawaka, sebule imejaa watoto.
Baluni ikapasuka.

Watoto wote wakalala chini. Wote! Tumbo sakafuni, mikono kichwani, hakuna hata mmoja aliyelia. Ndivyo tunavyowafundisha hapa Goma, wakisikia mlipuko.

Kisha wakaamka wakicheka, wakadai gato.

Mimi sikuamka.

Moyo unapiga kama mutu anatwanga majani ya sombe. Vidole vimekufa ganzi, pumzi haishuki. Muganga wa hospitali alishanieleza: huo si ugonjwa wa moyo, ni woga, unapanda halafu unashuka. Ninajua. Lakini ukipanda, unaona unakufa tu.

Shemeji yangu akasema ni mapepo, tuombe.

Neema akarudi, akalala kando yangu na nguo yake mpya, akaninong'oneza:
"Mama, usiogope. Hiyo ni baluni. Bombe inapigaka filimbi kwanza."

Kulala chini nilimufundisha mimi.
Hiyo ya filimbi, sikumufundisha.

Wamama wenzangu, watoto wa kwenu pia wanajua?