Fukusi wa Kaskazi

Mavyaa yangu, mamake mume wangu, ni mkulima wa Ganze. Kila akivuna hutuletea gunia la kunde hapa kwetu Mnarani, na mwaka ule lilifika wakati wa kipupwe, siku zile tunazojifunika shuka mbili na maji ya kuoga lazima yatiwe moto. Nikaliweka stoo, kijumba cha mabati nyuma ya jiko. Kwa miezi miwili nikawa nachota, napika kwa nazi, na sikuona hata kunde moja iliyotobolewa.

Mimi nimezaliwa mjini, Malindi, kwetu kunde zilinunuliwa kwa kibaba dukani. Basi nilijiona hodari. Nikampigia simu kumpa habari njema.

"Mama, kunde zako hazina fukusi kabisa!"

"Wamo," akanijibu. "Wanangoja joto."

Nikacheka kimoyomoyo. Nilidhani ni maneno ya watu wa zamani.

Kaskazi ikaingia. Ukiingia stoo adhuhuri, jasho lilikutoka kabla hujajua umefuata nini. Nami kwa joto lile nikaacha kupika kunde, tukala samaki na wali wiki nyingi. Siku niliyofungua gunia tena, nilitia mkono nikahisi kitu kinanitambaa, hata kufika kwenye kiwiko. Niliutoa umejaa vumbi la unga na vidudu vya kahawia, vidogo kuliko punje ya mchele. Nikapiga ukelele. Mume wangu akaja mbio na fagio.

"Nyoka yuko wapi?"

"Si nyoka, ni fukusi!"

Alicheka mpaka akakaa chini na fagio lake. Kisha akanikumbusha kwamba mamake anakuja Ijumaa.

Haya ilinishika. Nikapepeta, nikachagua, nikamwaga zilizojaa matundu. Likabaki nusu gunia. Hata hizo nzima niliziona zina vidoa vyeupe juu ya ganda, sikujua kuwa ndiyo mayai. Alhamisi jioni nikapata wazo: nikajaza bakuli, wadudu na kunde pamoja, nikalitia kwenye friji. Asubuhi wote walikuwa chali, miguu juu. Nilifurahi kama niliyegundua dawa.

Mavyaa akafika saa tatu. Nikampokea mzigo, nikamwamkia shikamoo, nikamwekea chai na mahamri, na bakuli langu katikati ya meza.

"Tazama, mama. Wamekufa wote."

Akalitazama bakuli, akaendelea kunywa chai. Hakufika kikombe cha pili. Mguu mmoja wa mdudu ulitikisika, kisha wa pili, na mara fukusi mmoja akajigeuza, akapanda ukingo wa bakuli na kushika njia ya kwenye sukari. Wenziwe wakamfuata.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hawa hukuwaua. Uliwalaza, sasa wameamka."

Mume wangu alipaliwa na chai. Mimi nilitaka ardhi ipasuke, lakini mavyaa alikuwa anacheka hadi machozi, nami nikajikuta nacheka naye huku nawafukuza wadudu kwa kitambaa.

Akanieleza akiwa amenishika mkono. Baridi huwatia uvivu: yai hukawia kuanguliwa, na funza hula polepole ndani ya kunde, usimwone. Joto la kaskazi huwapa haraka. Mwezi hauishi, aliyezaliwa naye keshazaa.

"Lakini joto likizidi, haliachi yai wala mkubwa," akasema.

"Lizidi kuliko hili, mama?"

"Una nailoni?"

Tulikuwa nayo nyeusi, iliyofunika mchanga wa ujenzi, na nyingine nyeupe ya kuona ndani. Tukatandika nyeusi uani juani, tukatandaza kunde tabaka jembamba, tukafunika kwa ile nyeupe na kubana kingo kwa mawe. Kuanzia saa tano hadi saa tisa tulikaa kivulini kuzilinda na kuku. Mavyaa alipojaribu kutia kiganja chini ya nailoni, aliutoa mkono upesi akiupuliza.

Katika saa zile ndipo aliponihadithia kwamba mwaka wake wa kwanza wa ndoa aliacha mahindi yote yakaliwa na fukusi, akajificha nyuma ya nyumba akilia kwa kumwogopa mavyaa yake.

"Akakwambiaje?"

"Alinitukana siku tatu," akasema. "Nikaapa, nikipata mke wa mwanangu, sitamfanyia hivyo."

Nilimsogezea maji ya madafu, akanywa.

Jioni tukapepeta wadudu waliokauka, kuku wakapata karamu. Kunde tuliziacha zipoe, tukazijaza hadi shingoni kwenye madumu makavu na kukaza vifuniko. Mwezi ulipopita nilifungua dumu moja, nikaweka sikio, nikatia mkono. Kimya, na vumbi hakuna. Tulizila mpaka mavuno mapya, na jirani yangu, aliyekuwa akichungulia ukutani siku ile, naye akaja kuazima nailoni kwa ajili ya mbaazi zake. Wakati wa kuvuna nilikwenda Ganze mwenyewe kumsaidia mavyaa kupura. Nilirudi na magunia mawili, na mgongo ulioniuma wiki nzima.