Deki ya CD Aliyonipa Mjomba

Nilipopewa deki ya CD, niligawa karibu kanda zangu zote. Siku hizo, katika miaka ya tisini, nilikuwa napiga muziki kwenye harusi za Shinyanga mjini na vijiji vya jirani. Mjomba wangu, fundi umeme kule Mwadui, aliileta nyumbani ameikumbatia.

"Kanda zimekwisha, ng'wanawane," aliniambia, akiniita mwanangu kwa Kisukuma. "Dunia sasa ni hii."

Niliamini. Mjomba ndiye aliyenisomesha.

Miezi miwili mambo yalikwenda vizuri. Ikaja harusi ya Songwa, wakati wa kiangazi, upepo ukizoa vumbi la mashambani. Maharusi walipoingia, wimbo ulikwenda mistari mitatu, ukakwama: ka-ka-ka-ka, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikaitoa CD, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Ikagoma kabisa. Bibi harusi akabaki amesimama uwanjani, mguu mmoja mbele, hajui aende au arudi.

Shangazi yake akanijia juu. "Wewe kijana, umekuja kutuharibia?"

Aliyeniokoa ni dereva wa pikapu iliyowaleta maharusi. Alichomoa kanda ya kwaya kwenye redio ya gari akanirushia. Redio kaseti yangu nilikuwa nimekuja nayo kwa mazoea tu. Nikaiunga kwenye spika, vigelegele vikarudi.

Wiki tatu nilimkwepa mjomba. Mwishowe nikaenda Mwadui kwa baiskeli.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Deki inaendeleaje?"

Nikamweleza yote huku natazama viatu vyangu. Mkewe akacheka kule jikoni. "Mwambie mpwa wako ukweli!"

Mjomba akajikuna shingo. "Hata hapa ilikuwa inakwama. Nikadhani ni mimi nisiyeiweza. Nikasema wewe, mtu wa muziki, utaielewa."

"Kwa hiyo sijaiharibu?"

"Hujaharibu chochote. Kwa vumbi letu hili, hizo CD zitakufa kabla hatujazizoea."

Hapo alikosea, maana baadaye zilijaa kila duka. Lakini siku ile maneno yake yalinitua mzigo mzima. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mke wa mjomba akatuletea ugali na mlenda, nikala kama mtu aliyepona malaria. Kisha mjomba akavuta boksi la kanda zake kutoka chini ya kitanda, akanifungia kwenye keria ya baiskeli, nami nikarudi mjini naimba njia nzima.