Waya Mwekundu na Mweupe wa Ssalongo

Kama wewe ni mtu wa kucheka, cheka sasa hivi umalize, kwa sababu haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, bila tone la waragi tumboni. Na usitegemee habari za usiku wa manane na mbwa wanaobweka makaburini. Ilikuwa saa tisa alasiri, siku ya Jumanne, barabarani Kasubi, mtaa wa Kampala, watu wakipita na mikungu ya ndizi kwenye baiskeli. Mimi nilikuwa chini yao, ndani ya shimo la nyaya za simu.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Busia. Nilikwenda Kampala kutafuta kazi miaka ile wanajeshi walipokuwa wameshika serikali, na kazi nikaipata: kuunga kebo za simu. Aliyenifundisha aliitwa Yakobo, Muganda wa Ggaba. Kwa kuwa alikuwa na mapacha, kila mtu alimwita Ssalongo, na mkewe Nalongo, kama desturi yao ilivyo. Alikuwa mpole, anatumia mkono wa kushoto, na hakukosa mzingo wa waya mkobani mwake, nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, mmoja mwekundu na mwingine mweupe. Mimi aliniita Mukenya tu, basi.

Lazima nikueleze jambo moja la kazi yetu, la sivyo hutaelewa kitu. Unapounga nyaya, huziungi zikiwa zimekazika. Unaacha urefu wa ziada, unaukunja kitanzi, unaulaza ndani ya ganda la kiungio, ndipo unafunga. Huo urefu tuliuita akiba. Ardhi ikisogea au lori zito likipita juu, kebo inavutika kidogo, akiba inajinyoosha, na simu inaendelea kulia. Usipoiacha, waya unakatika. Tena kabla ya kufunga ganda, fundi anatia ndani kikaratasi chenye jina lake, ili mambo yakiharibika ajulikane aliyeharibu. Mimi nilikuwa sijapata cheti, kwa hiyo viungio vyangu vilifungwa kwa jina la Ssalongo.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Jumamosi moja tulikuwa kwenye shimo lile la Kasubi. Ssalongo alikuwa juu akiyeyusha nta, mimi chini nikiunga. Kulikuwa na msichana ananingoja Ntinda, na jioni vizuizi vya wanajeshi vikishawekwa barabarani hupiti bila kutokwa na kijasho chembamba. Nikaharakisha. Nikazikata ncha za nyaya fupi kupita kiasi, na nilipogundua, kazi ilikuwa imekwisha nusu. Kurekebisha kungenichukua saa tatu. Nikazivuta, nikaziunga zikiwa zimekazika kama kamba ya kuanikia nguo, nikatia kikaratasi cha Ssalongo, nikamwita.

Akashuka. Akainama, akaokota vipande nilivyokuwa nimevikata, akavitazama kidogo, akavitia mfukoni.

"Umeacha akiba, Mukenya?"

"Nimeacha, Ssalongo."

Akafunga ganda. Mimi nikaenda zangu Ntinda.

Jumapili magari ya jeshi yalipita pale mfululizo. Jioni simu ya mkubwa mmoja wa jeshi, aliyekuwa akikaa juu ya kilima, ikafa katikati ya mazungumzo. Unajua siku zile maana yake ilikuwa nini? Hakuna aliyewaza habari ya ardhi kusogea. Waliwaza adui. Jumatatu alfajiri walimwamsha msimamizi wetu, wakamlazimisha kufungua kiungio, wakasoma kikaratasi.

Niliwakuta kwenye uwanja wa karakana nilipofika kazini; Ssalongo, aliyekuwa amewahi kuliko siku zote, alikuwa tayari mikononi mwao. Walikuwa wanne, watu wa usalama, miwani myeusi, mashati ya maua. Walimwambia Ssalongo avue viatu. Kampala nzima ilijua mtu akiambiwa avue viatu harudi tena. Akavivua, akavipanga vizuri ukutani. Mmoja wao akapekua mkoba wake, akatoa ule mzingo wa waya, akasema utamfaa. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Neno moja tu, "ni mimi," lingetosha. Nikaufyata. Ssalongo alinitazama mara moja, wala si kwa hasira, kisha wakamtia kwenye buti ya gari.

Kesho yake, Jumanne, nikaitwa mimi. Msimamizi alikuwa amekwisha kimbia, na fundi mwingine wa kuunga hakuwapo. Askari mmoja, jitu refu lenye bunduki, alinipeleka Kasubi kwa gari la jeshi.

"Wewe fundi, sikia," akaniambia tulipofika. "Simu ya mukubwa iko nakufa siku mbili. Mimi napatia wewe saa moja. Kama hapana lia, hapana panda tena hapa juu. Unabaki huko huko."

Akaketi kwenye ukingo wa shimo, buti zake zikining'inia ndani. Mlango wa shimo lile ulikuwa mmoja tu, na alikuwa ameukalia yeye.

Chini maji yalikuwa yamefika kwenye ugoko. Nikamulika kiungio kwa tochi yangu. Nyaya zangu zilikuwa zimekatika pale pale nilipozikaza, zikavutika kila moja upande wake. Za mkubwa zilikuwa mbili tu, lakini kati ya ncha na ncha palikuwa na pengo la vidole vinne. Ningekuwa nimeacha akiba, ningezinyoosha zikakutana. Sikuwa na kipande cha kuongezea. Stoo ilikuwa tupu tangu wenye maduka ya vifaa walipofukuzwa nchini, na mzingo pekee uliobaki ulikuwa umekwenda na Ssalongo. Nikavuta kebo kwa nguvu zangu zote. Haikusogea. Nilijaribu mpaka vidole vikatoka damu, na nakwambia ukweli, nililia. Nililia kwa woga, na kwa aibu pia, kwa sababu nilijua kifo kile nimejitengenezea mwenyewe Jumamosi, nikiwa napiga mluzi.

Ndipo nikasikia mtu akipumua kwenye kona, nyuma ya kebo.

"Usipige kerere," sauti ikasema. "Na usimulike mimi."

Ilikuwa sauti ya Ssalongo! Usifikiri niliogopa. Nilifurahi, wallahi nilifurahi. Nikajua amewatoroka, amekuja kujificha mahali anapopajua kuliko mtu yeyote. Nikanong'ona, "Ssalongo, umetokaje kule? Yuko askari juu!"

"Leta mukono."

Nikaunyoosha. Kikatua kiganjani mwangu kipande cha waya, mwekundu na mweupe, urefu wa dhiraa moja hivi, kimejikunjakunja kama kitu kilichofungwa na kufunguliwa kwa shida. Kilikuwa cha baridi kiasi cha kuuma. Kisha mikono yake ikaingia kwenye mwanga wa tochi, mikono tu. Kwenye vifundo vya mikono kulikuwa na mitaro myembamba, imezama ndani ya nyama, imezunguka mara nyingi. Nikajiambia walimfunga, maskini, lakini sasa yuko huru. Mtu akitaka kuamini jambo, ataliamini tu.

Tukafanya kazi. Mimi nilishika, yeye akasokota, kwa mkono wa kushoto kama kawaida yake, akisema, "Talatibu, Mukenya, talatibu," maneno aliyoniambia kila siku ya Mungu. Akaunga upande huu, akaunga upande ule. Kipande kilikuwa kirefu kuliko pengo, na ule urefu uliozidi akaukunja vitanzi viwili vizuri, akavilaza.

"Kalatasi," akasema.

Nikatoa kikaratasi na penseli. Mkono ukaenda wenyewe kuandika jina lake, kwa mazoea.

"Hapana. Andika jina yako."

Nikaandika langu.

"Umeacha akiba, Mukenya?"

Nikavitazama vile vitanzi viwili, chozi likanidondoka. "Nimeacha, Ssalongo. Safari hii nimeacha kweli."

Nikaunganisha simu ya kupimia, nikausikia mlio wa laini, safi kabisa. Nikamnong'oneza, "Kaa hapa hapa. Alfajiri nitakuletea chakula na viatu, nitakuvusha mpaka Busia." Akasogea kurudi kwenye kona yake, na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa mezani naacha kula. Mimi nilipoinua mguu, maji yalilia. Yeye alipita, na maji yakatulia tuli.

"Wewe naongea na nani?" askari akanguruma toka juu.

"Naongea na nyaya, afande."

Hakuniamini. Akashuka na tochi yake kubwa, akamulika kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nimefumba macho, naomba kwa Mungu wa mama yangu. Akaifikia ile ya nne, akaimulika kwa muda mrefu.

"Hapana mutu," akasema. "Funga, twende."

Nikafumbua macho. Ukuta, maji, basi. Wakati huo huo mlinzi wa mkubwa akapiga kelele kutoka getini kule juu kwamba simu inalia. Nilifunga ganda, nikapanda juu, nikaona jua. Watu bado walikuwa wanapita na ndizi zao.

Utasema ni woga tu ulionichezea akili? Na mimi nilitaka sana iwe hivyo. Lakini baada ya wiki tatu alitoka mtu mmoja aliyekuwa amefungiwa mahali pale pale Ssalongo alipopelekwa. Akatueleza kwa siri kwamba Ssalongo alifariki usiku ule ule wa Jumatatu. Walikuwa wamemfunga mikono kwa nyuma, kwa waya wa simu, mwekundu na mweupe. Maiti haikupatikana. Nalongo na ndugu zake walizika shina la mgomba mahali pa mtu, wakalifunika kwa kitambaa cha gome, wakatoa machozi. Mimi sikuhudhuria. Nilikuwa nimekwisha vuka Busia kwa miguu.

Nilirudi Kampala miaka mingi baadaye, serikali zimekuja na kupita. Nikazeeka kwenye kazi hiyo hiyo. Ikaja faiba, nyuzi nyembamba za kioo zinazobeba sauti kwa mwanga, na kampuni ikaniajiri niwaonyeshe mafundi wao mashimo ya zamani yalipo. Nikawaona wakiunga. Nao wana akiba! Ndani ya kila kiungio kuna visahani, na ule uzi wa ziada wanauzungusha humo polepole, duara juu ya duara, kwa sababu kioo ukikikunja kwa pupa kinavunjika. Nilisimama pale nikiwatazama mpaka wakaniuliza, "Mzee, vipi, unaumwa?"

Siku moja wakafika shimo la Kasubi, wakang'oa kebo ya shaba. Nikawaomba kile kiungio. Nilikifungua mwenyewe nyumbani, mlango nimefunga. Kikaratasi chenye jina langu kilikuwamo. Vitanzi viwili vya waya ule, mwekundu na mweupe, vilikuwamo, na mikunjo yake yote. Basi, kama kuna anayesema niliota, aje anieleze ule waya niliutoa wapi.

Nikaupeleka Ggaba. Nalongo alikuwa bibi kizee sasa, bado anauza samaki mwaloni, kando ya ziwa, mikono imejaa magamba. Nikamwekea waya mapajani, nikapiga magoti kama wafanyavyo kwao, nikamwambia yote: msichana wa Ntinda, ncha fupi, uongo wangu, ukimya wangu pale uwanjani. Nilimwambia kuwa mumewe alikufa kwa kazi yangu.

Aliushika waya, akaupitisha vidoleni. Kisha akasema, "Mukenya, mimi najua toka siku hiyo."

"Ulijuaje, Nalongo?"

"Jumamosi yeye alirudi nyumbani, akatoa vipande vya waya kwa mufuko, akaweka kwa meza. Akaniambia, huyu kijana amekata mingi sana, hajaacha akiba. Nikamuuliza, mbona hukumugombeza? Akasema, nikifungua leo musimamizi atajua, watamufukuza kazi. Jumatatu nitaenda mapema peke yangu, nitatengeneza, hakuna mutu atajua." Akakunja waya, akautia ndani ya gomesi yake, vazi la wanawake wa kwao, kifuani. "Na hiyo Jumatatu, angesema jina yako, wangemuacha. Si ndiyo?"

Ssalongo alikuwa anajua, wakati anavua vile viatu. Alijua aliponitazama.

Nalongo aliuzika ule waya chini ya migomba yake, kando ya lile shina lililokwisha oza zamani. Mimi vidole vya mkono uliopokea waya havijapata joto tangu Jumanne ile. Hata sasa nikiandika nimevivika soksi. Na kila ninapofunga kitu, sanduku, mlango, hata bahasha, naisikia sauti kisogoni ikiniuliza swali lile lile, nami husimama kwanza nikatazama kabla ya kujibu.

Nawe nakuonya. Ukifanya kazi itakayofungwa kwa jina la mtu mwingine, usimdanganye mtu huyo. Akikuuliza kama umeacha akiba na hujaacha, mwambie hujaacha. Mwambie akiwa bado amevaa viatu vyake.