Mpishi Aliyekataa Kupimwa Choo

Walisema sitaweza. Majirani zangu wa Kayole walisema mtu aliyepika kwenye mahoteli ya Ghuba miaka tisa hawezi kurudi kuchemsha maharagwe kwenye kibanda cha mabati. Nina diploma ya upishi, nilijisomesha mwenyewe, na kibanda kile nilikigeuza hoteli ya meza kumi na wafanyakazi wanne. Nayasema haya mjue aliyeugua hakuwa mjinga.

Kila miezi sita mpishi hutakiwa apimwe, choo pia, ndipo apate cheti cha afya. Wafanyakazi wangu niliwapeleka. Mimi nilimpigia dalali wa vyeti simu, cheti kikaletwa hadi kaunta. Mwende, mwosha vyombo wangu, alikitazama.

"Chef, na wewe choo umetoa saa ngapi? Si umeshinda hapa?"

"Mama, choo changu kimesoma."

Jiko zima likacheka.

Homa ilianza kidogo kidogo. Jioni natetemeka, asubuhi nameza dawa ya maumivu na kuvaa aproni. Wiki ya pili tumbo likajaa. Siku nne sikupata choo, kisha nikaharisha maji ya kijani. Nikaendelea kupika. Nikiwa nageuza chapati, kitu kilipasuka tumboni nikaanguka. Mke wangu Halima alinikuta nimejikunja sakafuni, tumbo gumu kama ubao.

"Ni homa ya matumbo," daktari alimwambia, "na utumbo umetoboka."

Walinipasua siku hiyo hiyo. Niliamka na mrija puani na mwingine ubavuni ukitoa usaha. Kidonda kilifumuka mara mbili. Halima alinigeuza, akanisafisha, wala hakukunja uso.

Nilipoweza kuketi niliuliza lini nitarudi jikoni.

"Vijidudu bado vimo kwenye choo chako," daktari alisema. "Ukishika chakula, utawagawia wateja. Nataka vipimo vitatu visafi, kimoja baada ya kingine."

Cha kwanza kilikuwa kichafu. Dawa tena, wiki nyingine nyingi kitandani. Nilihesabu kachumbari niliyoikata kwa mikono hii. Wapo wateja walioniambia tumbo linawasokota, nikawaambia wamekula kwingine. Mshono umefunga. Hilo la wateja bado halijafunga.

Jiko lilibaki na Mwende. Yeye ndiye niliyemtuma kwenye mafunzo ya usafi wa chakula, maana mimi nilijiona nimepita masomo hayo. Aliweka ndoo ya kunawia na sabuni mlangoni. Nyama mbichi akaitengea ubao wake. Mwenye kuharisha alimrudisha nyumbani, na mshahara wake haukukatwa. Wateja hawakupungua. Nilimpandisha cheo nikiwa bado nalala chali.

Namshukuru Mungu, na Halima, na daktari yule asiyenionea haya. Wewe unayepikia watu, peleka choo chako kipimwe. Ni kijiko kidogo ndani ya kikopo. Ukiona aibu, kumbuka mimi nimesafishwa na mke wangu kama mtoto mchanga.

Kipimo kilichofuata kilikuwa safi. Kikafuata cha pili. Cha tatu kilipotoka, nilikwenda hotelini na karatasi mkononi, suruali ikinipwaya. Mwende aliisoma yote.

"Karibu, Chef. Nawa kwanza."

Nikanawa.

"Haya, kaa hapo ukate vitunguu. Sufuria ni zangu leo."

Nikavuta kiti cha plastiki, nikakata. Nilipumzika mara tatu kabla ya kumaliza beseni moja.