Gasketi ya Tyubu ya Lori

Kokushubila alichagua ajali ya Challenger, chombo cha anga, kwa uvivu tu. Mwalimu wa stashahada ya jioni alitaka kila mmoja achimbe historia ya ajali iliyoletwa na kifaa kidogo. Wenzake wakakimbilia vivuko na mabasi. Yeye akaona bora ajali ya mbali, ya Wamarekani, ya mwaka 1986, isiyo na mfiwa wa kumkunjia uso pale Manzese anapoishi.

Mchana alikuwa fundi wa boila, tangi la kuzalisha mvuke, katika kiwanda kidogo cha sabuni Mikocheni, na alisomea kwenye simu, kando ya boila. Hapo ndipo alipojiponza.

Chombo kile, akasoma, kilisambaratika sekunde ya sabini na tatu kikiwa na watu saba, kisa pete ya mpira iliyokakamaa kwa baridi ikashindwa kuzuia moto. Hilo halikumtisha. Kilichomtisha ni kwamba pete za aina ile zilishaungua safari za nyuma, na kwa kuwa vyombo vilirudi salama, wakubwa wakazoea. Mainjinia walisema tusubiri. Wakubwa wakasema twende.

Akainua macho. Mfuniko wa boila ulizibwa kwa gasketi, pete ya kuzuia mvuke, aliyoikata fundi wa mtaa wa Gerezani kutoka kwenye tyubu ya lori, maana ile halisi ilikuwa "njiani" tangu mwaka juzi. Ilivuja mvuke, wakaufuta kwa tambara. Aliyeuliza alijibiwa, "Mbona inashika?" Yeye mwenyewe alishawajibu hivyo watu watatu.



Siku ya kuzindua sabuni mpya, keki ikiwa mezani na tisheti zishavaliwa, Mazin, mtoto wa mwenye kiwanda, akachungulia.

"Dada Koku, washa. Mgeni rasmi yupo hapo mataa ya Morocco."

"Siwashi. Gasketi imechoka."

"Miaka miwili haijachoka, leo imesikia mgeni rasmi anakuja ndiyo imechoka?"

"Hata wale walisema hivyohivyo."

"Wale kina nani?"

"Wa Challenger."

Mazin akamtazama kama anayetafuta chupa aliyoinywa. "Sista, sie tunachemsha mawese, hatuendi mwezini. Washa, au kesho baki kwako."

Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha na kumsomesha. Alishika swichi. Akaiachia.

"Sawa, bosi. Lete kiti ukae hapa mbele ya mfuniko, mie nawasha."

Mazin akacheka. Akauangalia mfuniko, na michirizi ya kutu iliyoteremka pembeni yake. Kicheko kikamfia mdomoni. Mara akakumbuka kwamba getini hakuna wa kumpokea mgeni, akaondoka zake.

Mgeni rasmi alibonyeza kitufe chekundu kilichogundishwa mezani, kisichounganishwa na chochote duniani. Vigelegele, matarumbeta, picha. Boila baridi kama jiwe la kaburi, na hakuna aliyegundua.

Kokushubila, mgongo ukutani, alijikuta anahesabu sekunde. Hakupumua sawasawa mpaka alipofika sabini na nne.