Fimbo niliyompelekea bibi

Leo bibi yangu amenikalisha kwenye jiwe katikati ya njia.

Nimepanda kijijini kwake Masama asubuhi na zawadi, fimbo ya kutembelea kama zile za watalii, unaivuta inarefuka. Bibi amevuka themanini, nikaona sasa apumzike.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja wakati mzuri. Twende tukakate majani ya ng'ombe."

Tukashuka korongoni. Akakata, akafunga mzigo, akajitwisha.

Sasa kupanda.

Jamani, kile kilima.

Yeye mbele, shingo imenyooka, ananisimulia habari za kwaya. Mimi nyuma sina mzigo, nimeegemea fimbo yake, moyo unadunda hadi masikioni. Nikakaa. Akanisubiri amesimama, mzigo kichwani.

"Huko kwenu Rau huwa mnakaa tu?"

Nikainuka, nikamfuata.

Nyumbani akaipokea fimbo, akaisifu, akaivuta hadi mwisho. Kisha akaenda nayo shambani, akaegemezea mgomba uliokuwa umeinama kwa uzito wa mkungu.

"Huu ndio umechoka," akasema. Akaniangalia miguu. "Ungeleta mbili, moja ungebaki nayo."

Wenye bibi kama huyu, nyie mnawawezaje?