Kadi Nyekundu ya Bi Mistari

Kwa miaka ishirini na minne, kila mradi wa idara ya maji ulianzia juu ya meza ya Bi Mistari. Alichora ratiba kwa rula ya chuma, kwenye karatasi pana kama shuka, akazibandika ukutani zikapaukia hapo. Miradi yote ilichelewa. Hakuna aliyelaumiwa, maana mstari haukuwa na jina la mtu. Mambo yakikwama aliurefusha, mhandisi mkuu akasaini, maisha yakaendelea. Ulikuwa utaratibu wa kiungwana, na waliokosa maji hawakuwahi kuombwa maoni.

Kisha mkurugenzi akaenda semina ya siku tisa, akarudi na mbinu mpya. Ratiba ndefu zimepitwa na wakati, alieleza kwa saa mbili na nusu. Sasa kazi itakatwa vipande vya wiki mbili mbili, kila kipande kiandikwe kwenye kadi, na kadi zihame ukutani kutoka "Bado" kwenda "Inaendelea" hadi "Imekwisha". Jambo likikwama, kadi nyekundu. Kila asubuhi watu wasimame robo saa, waambiane ukweli, watawanyike.

Meza ya kuchorea ilitolewa siku hiyo hiyo na watu wanne ambao, bila kuambiana, walitembea mwendo wa mazishi. Bi Mistari akapewa cheo cha mwezeshaji, kwa majaribio ya miezi sita. Akishindwa, barua ya kumstaafisha ilikuwa tayari. Karani wa utumishi alimwonyesha, kwa nia njema kabisa.

Kustaafishwa kungeondoka na bima. Mumewe, mwalimu mstaafu, figo zilikuwa zimegoma, na mara tatu kwa wiki alilazwa kando ya mashine iliyomsafisha damu. Bila bima, hakuna mashine.

"Sasa unawezesha nini?" mumewe alimuuliza.

"Watu waseme ukweli."

"Ofisini kwenu?" Mwalimu alifikiri kidogo. "Basi tujiandae."

Bi Mistari alikisoma kitabu cha mbinu mpya kalamu mkononi, na pengine ndiye pekee aliyekimaliza. Asubuhi watu walisimama kweli, ila kwa kufuata vyeo, na mhandisi mkuu, ambaye goti lilimsumbua, aliletewa kiti. Robo saa ikawa saa moja na nusu. Kumbukumbu zilichapwa nakala tatu. Kadi haikuhama bila saini za wakubwa wawili. Juu ya yote, mkurugenzi aliagiza kila kadi iwe na jina kamili la mhusika na namba yake ya utumishi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwenye jina kwenye kadi iliyokwama ni mshtakiwa, na idara ile ilijua jambo moja tu la kumfanyia mshtakiwa: kumpa barua ajieleze. Kwa miezi minne ukuta haukuona kadi nyekundu hata moja. Mkurugenzi alilitaja hilo kwenye taarifa yake kama mafanikio.

Mwezi wa tano fundi wa pampu, waliyemwita Spana, alimfuata Bi Mistari kwenye korido.

"Dada, ile pampu ya mlimani. Mipira ya kuzibia maungio si saizi yake. Tukiiwasha na presha ile, haimalizi wiki. Nahitaji wiki mbili niletewe mingine."

"Weka kadi nyekundu."

"Na jina langu chini yake?" Spana alicheka. "Mimi nina watoto wanne na mama mkwe. Nyekundu waachie wacheza mpira."

"Mhandisi mkuu umemwambia?"

"Mipira aliiagiza yeye."

Kitabu kilisema kazi ya mwezeshaji ni kuondoa vikwazo. Bi Mistari akaandika kadi nyekundu kwa mwandiko wake ulionyooka, akaweka jina lake mwenyewe, akaibandika.

Siku mbili baadaye mkurugenzi aliwaleta wajumbe wa bodi waone ukuta. Mmoja wao, mama mwenye miwani, alisogea karibu.

"Na hii nyekundu?"

Mhandisi mkuu aliinuka kitini, jambo ambalo goti lake lilikuwa halijamruhusu tangu mbinu mpya ianze. "Ni mfano tu, mheshimiwa. Tunafundishia."

Wageni walipoondoka, mkurugenzi hakupaza sauti. "Mama, umetuvua nguo mbele za watu. Kesho saa nne nipate maelezo yako kwa maandishi."

Aliyaandika asubuhi mapema, hospitalini, karatasi juu ya mkoba, damu ya mumewe ikizunguka kwenye mirija kando yake.

"Umesemaje?" mumewe aliuliza.

"Kwamba nilikosea rangi."

Mwalimu alikuwa amesahihisha uongo wa watoto kwa miaka thelathini. Aliipokea karatasi, akaisoma hadi mwisho, akairudisha.

"Mwandiko mzuri," alisema.

Maelezo yalikubaliwa. Kadi iliandikwa upya, nyeupe, kwa jina la mhusika halisi: Spana, na namba yake. Tarehe ilipofika Bi Mistari aliihamishia "Imekwisha" kwa mkono wake, na watu wakapiga makofi kama kitabu kinavyoelekeza. Spana naye alipiga, mara mbili.

Pampu iliwashwa Jumatatu, maungio yakapasuka Ijumaa, na watu wa mlimani wakarudi kwenye ndoo. Ukuta ulieleza yote: kazi ilikwisha, jina lipo, saini zipo. Kwa mara ya kwanza katika historia ya idara, mkosaji alipatikana ndani ya saa moja. Spana aliachishwa kazi. Bi Mistari alithibitishwa cheoni.

Walikutana getini, Spana na boksi la vifaa vyake begani.

"Shemeji anaendeleaje?" Spana aliuliza.

"Anaendelea."

"Zamu yake si kesho?"

"Kesho."

"Haya. Msalimie."

Mlinzi alimsimamisha akague boksi, akatoa kifaa kimoja kimoja na kukilinganisha na orodha. Bi Mistari alisubiri pale pale mpaka ukaguzi ukaisha, kwa sababu kuondoka kabla yake kungeonekana utovu wa adabu.